Kuanzisha cheti cha dawa cha kielektroniki kituoni: anzieni dirisha la dawa

Cheti cha dawa kisichosomeka kimeshaua. Mwaka 1995, mjini Odessa katika jimbo la Texas, Marekani, daktari wa moyo alimwandikia mgonjwa Isordil miligramu 20 kila baada ya saa 6. Mfamasia akasoma Plendil, dawa nyingine kabisa, ambayo kiwango chake cha juu ni miligramu 10 kwa siku. Mgonjwa akaandikiwa kumeza 80. Alipata mshtuko wa moyo, na siku chache baadaye akafariki. Mwaka 1999 mahakama ikawabebesha lawama daktari na mfamasia wote wawili, familia ikaamriwa ilipwe dola 450,000.

Sisi tunaokaa dirisha la dawa tunalijua jambo hili kwa karibu. Jina la dawa limeandikwa herufi tatu na mstari mrefu. Nguvu ya dawa haipo. Imeandikwa "1x3" bila idadi ya siku. Unatoka kwenda kumgongea daktari, unamkuta ana mgonjwa kitandani. Ukirudi, foleni imeongezeka. Basi unamuuliza mgonjwa mwenyewe, "Mama, daktari alikwambia hii ni ya nini?" na jibu lake ndilo linaloamua anachoondoka nacho.

Mwongozo huu ni wa kituo cha afya au hospitali ndogo hapa Tanzania inayotaka kuandika dawa kwenye mfumo badala ya karatasi. Kama kituo ni cha umma, angalieni kwanza GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendeshea vituo vya afya. Huenda mnautumia kwa usajili na malipo tu, sehemu ya dawa imelala. Kuiamsha ni nafuu kuliko kununua mfumo mpya ambao hautaongea na ule wa kwanza. Ninyi wa vituo vya dini na binafsi mna uhuru zaidi wa kuchagua, lakini hatua ni zile zile.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kazi hii ianzie dirisha la dawa na stoo, kisha ndiyo ifike kwenye meza ya daktari. Wengi hufanya kinyume. Wananunua kompyuta za madaktari, wanafanya uzinduzi, na wiki ya kwanza daktari anachagua dawa ambayo stoo haipo, kwa nguvu ambayo kituo hakijawahi kununua. Mfamasia anatoa kalamu kurekebisha. Hapo mnakuwa na mfumo na karatasi pamoja, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema ukweli.

Picha ya WhatsApp si cheti cha kielektroniki

Hili nalisema kwa sababu linafanyika sana. Daktari akipiga picha cheti na kukirusha kwa mfamasia, hicho bado ni cha karatasi, na hatari zake zimeongezeka. Picha moja inaweza kuchukuliwa dawa kwenye maduka matatu. Hakuna wa kuthibitisha ni nani kaiandika. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake vinabaki kwenye simu za watu.

Cheti cha kielektroniki kinazaliwa ndani ya mfumo: mwandishi ameingia kwa akaunti yake, amechagua dawa kwenye orodha, mfumo umenukuu jina lake na saa, na dawa ikishatolewa cheti kinafungwa kisitumike tena. Sweden walianza kutuma vyeti vya namna hii mwaka 1983. Estonia, tangu Januari 2010, mgonjwa anaingia duka lolote la dawa nchini akiwa na kitambulisho chake tu. Mfumo wa kituo kimoja haufiki huko. Duka la nje haliuoni. Kwa hiyo karatasi itaendelea kuwa na kazi zake, na ni heri kuzipanga tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Kifuateni cheti cha karatasi kutwa nzima

Chagueni siku yenye wagonjwa wengi. Mtu mmoja asiye na zamu achukue daftari na kufuata vyeti tangu vinapoandikwa. Ataona kinapita kwa keshia kuwekewa bei, kinafika dirishani, dawa moja haipo, kinarudi kwa daktari kubadilishwa, kinarudi tena kwa keshia kwa sababu bei imebadilika, na mwishowe kinachomekwa kwenye msumari pamoja na wenzake.

Aandike kila kazi ambayo kipande kile cha karatasi kinafanya. Kinaonyesha bei. Kinathibitisha malipo. Kinaambatana na madai ya bima. Kinampa mfamasia hesabu ya mwezi ya kuagizia Bohari ya Dawa. Wodini, muuguzi wa zamu ya usiku anakitazama kujua sindano ya saa 6 ni ipi. Kazi yoyote ambayo haikupewa nafasi ndani ya mfumo itairudisha karatasi kwa mlango wa nyuma, na mtabaki mkiwalaumu watumishi kuwa hawataki mabadiliko.

Hatua ya 2: Safisheni orodha ya dawa

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na msikubali iharakishwe. Asimamie mfamasia au mteknolojia dawa, akiwa na daktari mmoja na muuguzi mmoja. Mtu wa TEHAMA aingize walichokubaliana; asiachiwe aamue.

Chukueni Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ondoeni dawa ambazo ngazi ya kituo chenu haitumii, kisha kila dawa iliyobaki iingie mara moja tu, kwa jina lake halisi na si la kibiashara. Nimeona orodha ambayo parasetamoli imeingizwa kwa namna nyingi: jina refu, kifupi chake, jina la kampuni, na nyingine imekosewa herufi. Kila moja ina hesabu yake ya stoo. Daktari akichagua moja anaambiwa imeisha, ilhali makasha yamejaa chini ya jina jingine.

Kwa kila dawa wekeni aina (kidonge, dawa ya maji, sindano), nguvu, na kipimo cha kutolea. Dawa za maji za watoto ziangalieni mara mbili. Amoksilini ya maji ipo ya miligramu 125 kwa mililita 5 na ya 250 kwa mililita 5. Zikiingizwa kama kitu kimoja, mtoto atapata nusu ya dozi au mara mbili yake, na mama hatajua.

Kanuni za kuandika namba zifungwe ndani ya mfumo wenyewe. Miligramu 1 isiandikwe 1.0, maana nukta ikififia kwenye printa inasomeka 10. Nusu miligramu iandikwe 0.5, kamwe si .5. Yuniti za insulini ziandikwe neno zima, kwa kuwa herufi U ikifuata namba imeshasomwa sifuri mara nyingi duniani, na 4 ikawa 40.

Majina yanayofanana yatenganisheni. Karbimazoli ni ya tezi ya shingo, karbamazepini ni ya kifafa. Daktari akiandika "karb" orodha itamletea zote mbili, moja chini ya nyingine, na kidole kinateleza. Wekeni matumizi ya dawa pembeni ya jina: tezi, kifafa. Pia lazimisheni herufi tano au zaidi kabla orodha haijafunguka. Metotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Kwenye mfumo wenu neno "kila siku" lisiwepo kabisa kwenye vidonge vya dawa hiyo.

Kuhusu miligramu na miligramu kwa kilo ya uzito wa mgonjwa, nitasimulia tukio linalojulikana sana kwa wanaofanya kazi hii. Mwaka 2013, hospitali ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco ilikuwa na mgonjwa wa miaka 16, mwenye uzito wa kilo 38 na ushei. Alitakiwa kupewa kidonge 1 cha Septra, dawa ya kuua bakteria, chenye miligramu 160. Daktari alipoandika 160, kisanduku cha kipimo kilikuwa kimewekwa "miligramu kwa kilo". Kompyuta ikazidisha kwa uzito wake na kupata vidonge 38 na nusu. Onyo lilitokea, likaonekana kama maonyo mengine yote ya siku ile, likapitwa. Mfamasia naye akalipita. Roboti ikafungasha bila shida. Muuguzi alishangaa, akasoma msimbo pau wa dawa kwa mashine, mfumo ukasema ni sahihi, akampa. Kijana alimeza vyote, akapata degedege, na kwa bahati akapona.

Mambo mawili yafuate hapo. Kwenye orodha yenu, dawa ya mtoto ionyeshe dozi kwa miligramu na kwa idadi ya vidonge au mililita kwenye mstari mmoja, na uzito wa siku hiyo uwe lazima. Na wekeni kikomo: kiasi kinachozidi kiwango fulani kwa mara moja hakipiti, hata kwa kubofya. Vikomo viwe vichache na vya maana. Maonyo yakiwa mengi hayasomwi.

Hatua ya 3: Hesabuni stoo, kisha dirisha litangulie

Mwishoni mwa wiki, fungeni stoo na hesabuni kila kitu kwa mikono: namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, kiasi. Ingizeni. Kuanzia Jumatatu, dirisha la dawa litoe dawa kwa kutumia mfumo huku madaktari wakiendelea na karatasi. Mtoa dawa anasoma cheti cha karatasi na kukiingiza mwenyewe.

Ni kazi ya ziada, na watu wa dirishani watalalamika kwa haki, basi waongezeeni mtu mmoja kwa kipindi hicho. Faida yake ni kwamba makosa yote ya orodha yanajitokeza mbele ya watu wanaozijua dawa, kabla daktari hajakutana nayo na mgonjwa ameketi mbele yake. Hesabu ya kompyuta na ya rafuni zikilingana kwa wiki kadhaa mfululizo, ndipo dawati la daktari lifunguliwe. Siku ile daktari ataona pembeni ya kila dawa kama ipo au haipo. Katika mradi wote huu sijaona kitu kinachowavuta madaktari kama hicho.

Amueni mapema pia: dawa ikiwa haipo, nani anabadilisha? Mfamasia anaweza kutoa jina jingine la kibiashara la dawa ile ile bila kuuliza. Kubadilisha dawa yenyewe kunarudi kwa daktari kupitia mfumo, na mfumo unukuu. Dawa ikitolewa nusu, cheti kibaki wazi kwa nusu iliyobaki.

Hatua ya 4: Akaunti na saini

Kila anayeandika na kila anayetoa dawa awe na akaunti yake. Akaunti ya pamoja iitwayo "OPD" (wagonjwa wa nje) au "Famasi" isifunguliwe hata kwa siku moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, lakini saini hiyo haina maana kama nywila imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta na watu wote wa zamu wanaitumia. Wekeni kompyuta ijifunge ikikaa bila kuguswa, na kuingia tena kuwe kwa haraka, la sivyo watu wataazimana akaunti ili kuokoa muda.

Akaunti zifuate ngazi. Tabibu, daktari na bingwa hawaandiki orodha moja ya dawa, na mfumo ulijue hilo. Mtumishi akihama, akaunti ifungwe siku anayokabidhi ofisi.

Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kituo kijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkataba na mwenye programu useme taarifa ni za nani, zinatunzwa wapi, na mkiachana naye mtazipata vipi.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika

Utakatika. Seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, ikae kituoni, si kwenye mtandao peke yake, ili intaneti ikipotea madaktari na dirisha waendelee kuonana. Betri za kuzuia kuzimika ghafla ziwepo kwenye seva, ruta, na kompyuta moja ya dirishani. Sola ndogo au kishikwambi chenye chaji vinasaidia sana kituo cha kijijini. Nakala rudufu itengenezwe kila usiku, na mara kwa mara mjaribu kuirudisha kweli. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiitegemee.

Kila chumba kiwe na kitabu cha vyeti vya dharura chenye namba zilizochapwa. Mfawidhi wa zamu ndiye anayetangaza "tunahamia kitabu" na ndiye anayetangaza kurudi. Mfumo ukirudi, vyeti vyote vya kitabu viingizwe siku hiyo hiyo na mtu aliyepangwa, akinukuu namba ya kila kimoja. Fanyeni zoezi: zimeni mfumo kwa makusudi mchana mmoja, kila mtu akijua, na muone nani anahangaika kutafuta kitabu.

Mgonjwa wa dharura asisubiri mfumo hata ukiwa unawaka. Hospitali moja ya watoto mjini Pittsburgh, Marekani, ilipoanzisha uandishi wa dawa kwa kompyuta, vifo vya watoto waliohamishiwa pale kwa matibabu maalumu vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005. Zamani, gari la wagonjwa likiwa njiani, madaktari walikuwa wanaandika dawa na zinaandaliwa. Baada ya mfumo, hakuna lililowezekana mpaka mtoto afike na kusajiliwa, na dawa nazo zilikuwa zimehamishiwa famasi kuu. Hospitali ya Seattle iliyotumia programu hiyo hiyo haikupata ongezeko la vifo. Tofauti ilikuwa kwenye maandalizi. Basi kwenu, trei ya dharura ibaki palepale ilipo, dawa itolewe kwa agizo la mdomo linalorudiwa kwa sauti na anayeipokea, na kumbukumbu iingizwe mgonjwa akishatulia.

Hatua ya 6: Anzeni na kliniki moja

Pendekezo langu ni kliniki ya kisukari na shinikizo la damu. Wagonjwa wanarudi kila mwezi, dawa zao zinafahamika, na daktari akibofya kurudia cheti cha mwezi uliopita anaona papo hapo muda aliouokoa. Ila kurudia kusiwe kwa kubofya mara moja kwa dawa zote. Kila dawa ithibitishwe peke yake, ili ile iliyosimamishwa isirudi kimyakimya.

Mafunzo ya ukumbini yanasaidia kidogo. Yanayofaa ni mfamasia kukaa pembeni ya daktari asubuhi za mwanzo, na daktari naye kukaa dirishani mchana mmoja akiona vyeti vyake vinavyofika. Punguzeni idadi ya wagonjwa wa kliniki hiyo kwa wiki ya kwanza. Daktari mzee anayeandika kwa kidole kimoja apewe heshima na muda wake. Akiwekewa seti za dawa anazozitumia zaidi, ataandika kwa kasi kama wengine. Baada ya kliniki hiyo, endeleeni na wagonjwa wa nje wengine, kisha watoto, na wodi ziwe za mwisho.

Hatua ya 7: Mgonjwa aondoke na kitu mkononi

Karatasi ilikuwa pia kumbukumbu ya mgonjwa. Mkiiondoa bila kumpa kingine, mmemnyang'anya. Printa ndogo ya risiti inatosha: jina lake, tarehe, dawa, na maelekezo kwa Kiswahili kamili. "Kidonge 1 asubuhi na 1 usiku, baada ya chakula, kwa siku 5." Maelekezo hayo hayo yawe kwenye bahasha ya dawa. Msiache mfumo uchape saa za kompyuta. Mgonjwa akiona 08:00 atameza saa 8 mchana.

Anayekwenda kununua nje, kwenye famasi au Duka la Dawa Muhimu, apewe karatasi iliyochapwa yenye jina na saini ya mwandishi, muhuri, na namba ya simu ya kituo ambayo muuza dawa anaweza kupiga kuhakiki.

Ujumbe mfupi wa simu unapendeza kwa wenye programu, lakini fikirieni simu ya nani. Nyumba nyingi zina simu moja inayoshikwa na mume, au na mtoto mkubwa anayewasomea wazazi. Ujumbe wenye jina la dawa za kufubaza VVU unaweza kuvunja ndoa. Kama mnatuma, iwe kwa ridhaa ya mgonjwa, na useme tu "Dawa zako ziko tayari dirishani" au tarehe ya kurudi kliniki.

Hatua ya 8: Lini karatasi ipungue

Msitangaze tarehe ya kuizika. Kila Ijumaa, mfamasia na mganga mfawidhi wakae kwa nusu saa na mambo manne mezani: vyeti vilivyorudishwa kwa daktari na sababu zake, maonyo yaliyopitwa, dawa ambazo hesabu ya mfumo na ya rafuni hazikulingana, na vyeti vya karatasi vilivyofika dirishani wakati mfumo unafanya kazi. Hivyo vya mwisho visomwe kimoja kimoja. Mara nyingi utakuta vinatoka chumba kile kile, kwa sababu kompyuta ya pale ni nzito, au kwa sababu dawa fulani haipatikani kwenye orodha. Rekebisheni hicho, na karatasi itapungua bila amri.

Kwa mofini, pethidini na dawa nyingine zinazodhibitiwa, endeleeni na cheti na rejista ya karatasi kama taratibu zinavyotaka, hata kama mfumo una sehemu yake, mpaka mpate idhini ya maandishi ya kufanya vinginevyo. Vitabu vya dharura navyo vihesabiwe kila mwezi: viko vingapi, viko chumba gani, na namba ya mwisho iliyotumika ni ipi.